Jana Iliwaka, Leo Imegoma: Kosa la Kiendeshi Kwenye Mashine Pepe za Linux

“Jana mashine iliwaka vizuri. Leo nimebofya, inaniambia kiendeshi hakipo. Sijagusa kitu chochote.” Hayo ndiyo malalamiko ya kila siku ya watu wanaoendesha mashine pepe kwenye kompyuta ya Linux, na wanaolalamika hivyo wanasema kweli. Hawajagusa kitu. Kilichobadilika kilibadilishwa na mfumo wenyewe wakati wa kusasisha, na hakuna aliyewapa taarifa.

Kabla ya jambo lolote, tulia: mashine yako pepe haijaharibika. Diski yake ni faili la kawaida ndani ya kompyuta yako, lenye jina linaloishia na .vdi, .vmdk au .qcow2, na kosa hili halijaligusa hata kidogo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hasara kubwa haisababishwi na kosa lenyewe. Husababishwa na hofu, pale mtu anapofuta mashine nzima pamoja na kazi yake ya miezi akidhani anaanza upya, kumbe tatizo lilikuwa nje ya mashine hiyo na lingeisha kwa amri mbili.

Maneno ya kushika kwanza

Mashine pepe ni kompyuta nzima iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina diski yake, kumbukumbu yake, kadi yake ya mtandao na mfumo endeshi wake, ila vyote hivyo vimeazimwa kutoka kwenye kompyuta halisi iliyo mezani. Hiyo ya mezani huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Yashike maneno haya mawili, maana watu wengi hupoteza siku nzima wakimtibu mgeni ilhali anayeumwa ni mwenyeji.

Kerneli ni kiini cha Linux, sehemu pekee yenye ruhusa ya kushika prosesa na kumbukumbu moja kwa moja. Programu nyingine zote hukaa nje na kuomba, hata dirisha la VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, unalolibofya. Moduli ni kipande cha programu kinachochomekwa ndani ya kerneli, na kikishaingia kinakuwa na mamlaka ya kerneli yenyewe. Kiendeshi, au draiva kama wengi wetu tunavyosema, kwenye Linux mara nyingi huja kwa umbo la moduli.

Sasa mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: draiva ya printa naielewa, ya kadi ya picha naielewa, lakini mashine pepe ni programu tu, inahitaji draiva ya nini? Jibu liko kwenye prosesa. Mgeni anataka amri zake ziendeshwe na prosesa halisi, kwa kasi halisi. Tangu 2005 kwa Intel na 2006 kwa AMD, prosesa zimekuja na mlango maalumu wa kazi hiyo, VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD. Mlango huo haufunguliwi na programu iliyo nje. Unafunguliwa kutoka ndani ya kerneli tu. Kwa hiyo VirtualBox lazima iwe na mwakilishi wake huko ndani, naye anaitwa vboxdrv. VMware Workstation, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, inao wawili, vmmon na vmnet. KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, ina moduli iitwayo kvm, ikifuatana na kvm_intel au kvm_amd kutegemea prosesa yako.

Mwakilishi asipokuwepo, dirisha la VirtualBox litafunguka kama kawaida, orodha ya mashine zako utaiona, lakini ukibonyeza kuwasha utapokea ujumbe “Kernel driver not installed” na namba rc=-1908. Ujumbe huo unasema jambo moja tu: nimebisha hodi ndani ya kerneli, mwakilishi wangu hakuitika. Hausemi kwa nini hakuitika, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Nguo ya kupimwa

Fikiria fundi cherehani anayekushonea koti kwa vipimo vyako. Koti linakukaa sawasawa. Ukinenepa au ukikonda, koti halijachanika, halina kosa lolote, ila halikuingii tena. Moduli ya VirtualBox ni koti la namna hiyo. Imeshonwa kwa vipimo vya kerneli moja mahususi. Mfumo ukisasishwa na kuleta kerneli mpya, moduli ya jana inabaki kuwa nzima kabisa, lakini ni ya mwili wa jana.

Huu si uzembe wa mtu. Ni uamuzi wa makusudi wa wanaotengeneza Linux. Kwa programu zilizo nje ya kerneli, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amekuwa mkali kwa miaka mingi: sasisho la kerneli lisivunje programu ya mtumiaji. Kwa vilivyo ndani ya kerneli hakuna ahadi hiyo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, aliandika ndani ya nyaraka za kerneli yenyewe sababu za kutokuwa na utaratibu wa ndani usiobadilika: wanataka uhuru wa kurekebisha na kuboresha bila kubeba mizigo ya zamani. Kiendeshi kilichokubaliwa kuingia kwenye kerneli hurekebishwa pamoja nayo. Kilichobaki nje kinajitegemea.

Ndiyo maana KVM haisumbui kwa namna hii. Iliingizwa ndani ya kerneli toleo la 2.6.20, mwanzoni mwa 2007, na tangu hapo hukua na mwili. vboxdrv inaishi nje, hivyo kila kerneli mpya ikija lazima ishonwe upya.

Nani anaishona? Kuna njia mbili, na ni muhimu ujue wewe uko kwenye ipi. Ukiwa umesakinisha VirtualBox kutoka kwenye hazina (repository) ya Ubuntu au Debian, kazi hiyo hufanywa na DKMS, mfumo ulioanzishwa na wahandisi wa Dell 2003. DKMS ni kama fundi anayekaa humo humo nyumbani. Kila kerneli mpya inapoingia, anatoa kitambaa alichokihifadhi na kushona koti jingine. Ukiwa umepakua VirtualBox kutoka kwa Oracle, kampuni inayoitengeneza, kifurushi huja na fundi wake mwenyewe, anayeitwa kwa amri ya /sbin/vboxconfig.

Fundi yeyote anahitaji vipimo. Kwenye Linux vipimo hivyo huja katika kifurushi kiitwacho linux-headers, au kernel-devel kwa watumiaji wa Fedora. Anahitaji pia sindano na uzi, yaani gcc na make, zana za kujengea programu. Vikikosekana hawezi kushona, na mara nyingi hakosi kusema. Anasema katikati ya mistari mia mbili ya sasisho linalokimbia kwenye skrini wakati umeenda kunywa maji. Hutamwona. Utakuja kujua kesho yake kwamba alishindwa.

Amri moja, majibu matatu

Badala ya kubahatisha, fungua terminali na umwite mwakilishi kwa jina:

sudo modprobe vboxdrv

Kwa uzoefu wangu, dakika moja ya kusoma jibu la amri hii inaokoa jioni nzima. Nilipoanza kutumia mashine pepe sikuijua. Nilifuta VirtualBox na kuisakinisha tena mara tatu kwa siku moja, na mara zote tatu kosa lilirudi lile lile, kwa sababu nilikuwa nabadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichokosekana.

Jibu la kwanza linaloweza kutokea ni “Module vboxdrv not found in directory”, likifuatiwa na njia kama /lib/modules/6.8.0-45-generic. Maana yake koti la kerneli hii halijashonwa kabisa. Linganisha namba iliyo kwenye njia hiyo na unayopata ukiandika uname -r. Hiyo ndiyo kerneli inayoendesha kompyuta sasa hivi, na vipimo unavyohitaji ni vyake, si vya nyingine. Kwenye Ubuntu na Debian:

sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)

Kwenye Fedora:

sudo dnf install gcc make kernel-devel-$(uname -r)

Kisha mwite fundi. Kama VirtualBox yako ni ya Oracle, andika sudo /sbin/vboxconfig. Kama ni ya hazina, hakikisha kifurushi cha virtualbox-dkms kipo, halafu andika sudo dkms autoinstall. Rudia modprobe. Isiposema kitu, imekubali. Kwenye Linux ukimya baada ya amri ni habari njema.

Watumiaji wa VMware wanaokutana na tatizo hili hili la vmmon na vmnet hufuata wazo lile lile: vipimo kwanza, kisha sudo vmware-modconfig --console --install-all.

Kuna jambo linalowapata sana watumiaji wa Arch, na nimeona watu wazoefu wakihangaika nalo. Umesasisha mfumo, kerneli mpya imewekwa kwenye diski, lakini hujawasha upya. Kompyuta bado inaendeshwa na kerneli ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu, huku folda la moduli zake limeshafutwa. Vipimo vilivyopo ni vya kerneli ambayo haijaanza kazi. Hapo hakuna cha kusakinisha. Washa kompyuta upya, kwisha.

Na itokee kwamba vipimo vipo, sindano ipo, lakini fundi anashindwa katikati ya kazi. Soma maelezo yake kwenye /var/log/vbox-setup.log, au kwa DKMS kwenye faili la make.log lililo ndani ya /var/lib/dkms/virtualbox. Usisome mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho husema tu kwamba imeshindikana. Tafuta mstari wa kwanza wenye neno “error:”. Ukiona unalalamikia kazi (function) isiyojulikana au hoja (arguments) zilizozidi, maana yake karibu kila mara ni kwamba kerneli yako ni mpya kuliko VirtualBox yako, mwili umebadilika umbo na kitambaa cha zamani hakitoshi hata kikishonwa upya. Dawa ni toleo jipya la VirtualBox. Ukilikosa kwa sasa, washa kompyuta kwa kerneli ya nyuma yake. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka, chagua mstari wa “Advanced options” na utaikuta imehifadhiwa humo. Wala usiione kama kushindwa. Kerneli ile huachwa pale kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mlinzi wa mlangoni

Jibu la pili ni “Key was rejected by service”. Kwenye kerneli za zamani kidogo lilikuwa “Required key not available”. Hapa mambo ni tofauti kabisa: koti limeshonwa, linakaa sawa, lakini mlinzi mlangoni amelikataa kwa sababu halina muhuri.

Mlinzi huyo ni Secure Boot, utaratibu uliosambaa kwenye kompyuta nyingi tangu Windows 8 ilipotoka 2012. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kinachoingia kwenye kiini cha kompyuta kina sahihi ya mtu anayeaminika. Kerneli ya Ubuntu au Fedora imeshatiwa sahihi na wenye mfumo. Moduli uliyoishona wewe nyumbani kwako dakika mbili zilizopita, nani ameitia sahihi? Hakuna. Basi mlinzi anafanya kazi yake.

Angalia kwanza kama kweli yupo kazini:

mokutil --sb-state

Ikijibu “SecureBoot enabled”, yupo. Sasa unaweza kumtambulisha kwa muhuri wako mwenyewe. Muhuri huo huitwa MOK, yaani ufunguo wa mwenye mashine. Ubuntu huuweka kwenye /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, na DKMS ya mifumo mingine kama Debian huuweka kwenye /var/lib/dkms/mok.pub. Kwa Ubuntu utaandika:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba utunge nenosiri la muda. Liandike liwe rahisi, herufi ndogo na tarakimu tu, na sababu yake utaiona punde. Washa kompyuta upya.

Hatua inayofuata ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa hiyo niipitie taratibu. Kabla Linux haijaanza, skrini itageuka ya buluu na kuandika kwamba ubonyeze kitufe chochote kufanya “MOK management”. Inahesabu sekunde kumi kurudi nyuma. Ukiwa umeenda kufanya shughuli nyingine, sekunde zinakwisha, kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, ombi lako linafutwa, nawe utarudi ukidhani umefanya kila kitu. Basi kaa mbele ya kompyuta. Bonyeza kitufe, chagua “Enroll MOK”, kisha “Continue”, kisha “Yes”, andika lile nenosiri, halafu “Reboot”. Skrini hii haijui mpangilio wa kibodi yako. Inachukulia kwamba ni ya Kimarekani, na ndiyo maana nimekuonya usitie alama za ajabu kwenye nenosiri. Alama unayoiona kwenye kitufe chako huenda siyo itakayoingia.

Mfumo ukiwaka, rudia kushona kama fundi alifanya kazi kabla muhuri haujatengenezwa, kisha modprobe. Kazi hii ya kutambulisha ufunguo hufanywa mara moja. Kerneli zijazo zitashonewa moduli na kugongewa muhuri ule ule ambao mlinzi ameshaujua.

Utasikia ushauri mwepesi zaidi: zima Secure Boot uendelee na maisha. Inafanya kazi, sikatai. Lakini unamfukuza mlinzi kwa sababu ya mtu mmoja aliyesahau kitambulisho, na kuanzia hapo mlango uko wazi kwa wote. Kuna hatari nyingine inayosahaulika. Kama kompyuta hiyo hiyo ina Windows yenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48 utakapoiwasha. Kama hujui ulikohifadhi ufunguo huo, usiguse mpangilio huo mpaka uupate.

Mafahali wawili, zizi moja

Jibu la tatu la modprobe ni ukimya, yaani moduli imeingia vizuri, na bado mashine inagoma. Hapa tazama ujumbe mpya. Tangu mwishoni mwa 2024 watu wengi wamekuwa wakikutana na VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE kwenye prosesa za Intel, au VERR_SVM_IN_USE kwenye za AMD. VirtualBox inakuambia kwamba ule mlango maalumu wa prosesa umeshakaliwa na mwingine.

Huyo mwingine ni KVM. “Lakini mimi sijawahi kusakinisha KVM,” utasema. Hukuhitaji kuisakinisha, imo ndani ya kerneli yako tangu mwanzo, na mifumo mingi huipakia yenyewe kompyuta inapowaka. Zamani haikuwa na shida kwa sababu KVM ilikaa kimya bila kushika mlango mpaka mashine yake ya kwanza iwashwe. Kuanzia kerneli 6.12, iliyotoka Novemba 2024, inaushika mlango mara tu inapopakiwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Kwa kutaka kujaribu sasa hivi, mtoe mmoja:

sudo modprobe -r kvm_intel

Mwenye AMD aandike kvm_amd. Dawa hii inaisha ukizima kompyuta. Ya kudumu ni kuiambia kerneli irudie tabia yake ya zamani: fungua /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 ndani ya alama za nukuu, hifadhi, kisha kwenye Ubuntu au Debian andika sudo update-grub na uwashe upya. Mimi napendelea njia hii kuliko kuipiga KVM marufuku kabisa, kwa sababu ukija kuihitaji bado ipo, mradi tu usiwashe mashine za pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Ujumbe mwingine unaofanana na huu kwa sura ni VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED, au VERR_SVM_DISABLED. Huo hauhusiani na moduli hata kidogo. Mlango wa prosesa umefungwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla ya Linux kuanza. Ingia humo kompyuta inapowaka, tafuta neno Virtualization, VT-x au SVM, liwashe.

Na VERR_VM_DRIVER_VERSION_MISMATCH maana yake programu ya nje ni toleo moja na mwakilishi wa ndani ni toleo jingine. Karibu kila mara ni mtu aliyekuwa na VirtualBox ya hazina, akaongeza ya Oracle juu yake bila kuondoa ya kwanza. Chagua moja, ondoa nyingine pamoja na virtualbox-dkms ikihitajika, washa upya.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Kwamba uendeshe VirtualBox kwa sudo. Hapana. Mwakilishi asiyekuwepo haji kwa sababu umeita kwa sauti ya bosi. Utakachopata ni mashine mpya zenye mafaili yanayomilikiwa na root, mtumiaji mkuu wa mfumo, ambazo kesho hutaweza kuzifungua ukiwa mtumiaji wa kawaida.

Kwamba uandike chmod 777 kwenye /dev/vboxdrv au /dev/kvm. Huu ni ushauri wa hatari, nawaomba wanaoutoa wauache. Faili lile ni mdomo wa kuzungumza na kerneli moja kwa moja. Ukilifungua kwa kila mtu, kila programu kwenye kompyuta yako inapata mdomo huo. Ukipata “Permission denied” kwenye /dev/kvm, jiongeze kwenye kundi linalohusika kwa sudo usermod -aG kvm $USER, kisha toka na uingie tena, maana uanachama mpya hauanzi kazi mpaka uingie upya.

Kwamba kuna tovuti ya kupakua “draiva ya vboxdrv” iliyo tayari. Sasa unaelewa kwa nini haiwezekani: koti lililoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine halitakuenea, na anayekuuzia moduli ya kerneli isiyojulikana ilikotoka anakuomba umpe ufunguo wa nyumba nzima.

Na kwamba usakinishe Guest Additions ili kosa la rc=-1908 liondoke. Hili ndilo lile la kumtibu mgeni badala ya mwenyeji. Guest Additions ni viendeshi vya ndani ya mashine pepe. Ukiona mgeni anawaka vizuri lakini skrini yake imebaki ndogo, au kunakili na kubandika kati ya pande mbili hakufanyi kazi, hapo ndipo mahali pake. Mgeni akiwa Linux, naye anahitaji vipimo vya kerneli yake na gcc yake, kwa sababu hadithi ya fundi inajirudia ndani. Folda la pamoja likionekana lakini likakataa kufunguka, jiongeze kwenye kundi la vboxsf ukiwa ndani ya mgeni. Kwa wanaosakinisha Windows juu ya KVM na kukuta haioni diski hata moja, tatizo ni kwamba Windows haikuzaliwa na viendeshi vya virtio, yaani vya vifaa pepe ambavyo KVM humpa mgeni. Ongeza faili la ISO la virtio-win kama diski ya pili kabla ya kuanza, na ukifika pale inapouliza diski, chagua kupakia kiendeshi kutoka humo.

Ubaki au uhame?

Watu huniuliza kama si afadhali kuacha VirtualBox na kutumia KVM kupitia programu ya virt-manager. Kwa mtu anayetumia Linux peke yake mezani na hahitaji kuhamisha mashine zake kwenda Windows au Mac, jibu langu ni ndiyo. Hakuna koti la kushona, hakuna muhuri wa kugonga, hakuna kugombania mlango. Diski ya .vdi hubadilishwa kwa amri ya qemu-img convert -f vdi -O qcow2, ikifuatwa na jina la faili la awali kisha jina la faili jipya, na faili la awali linabaki salama. Windows iliyohamishwa hivi huenda ikagoma kuwaka ikiwekwa moja kwa moja kwenye virtio, kwa hiyo ianzishe na diski ya aina ya SATA, sakinisha viendeshi, ndipo ubadilishe. Usihame ukiwa na kazi ya kuwasilisha kesho. Kwa kesho, washa kerneli ya jana ufanye kazi yako.

Anayebaki na VirtualBox afanye mambo mawili. Asakinishe kifurushi mama cha vipimo kinachofuata kerneli popote inapokwenda, linux-headers-generic kwa Ubuntu au linux-headers-amd64 kwa Debian, badala ya kile chenye namba ya toleo moja tu. Halafu, kama anatumia DKMS, kila sasisho likileta kerneli mpya, kabla ya kuwasha upya aandike dkms status. Anachotafuta ni mstari kama huu, wenye namba ya kerneli mpya:

virtualbox/7.0.16, 6.8.0-45-generic, x86_64: installed

Mstari wa kerneli mpya ukikosekana, au ukiishia kwenye “added” au “built” badala ya “installed”, arekebishe hapo hapo, wakati kerneli ya zamani bado inafanya kazi na mashine zake zote bado zinawaka.